Damu Yetu na Punje za Silika

Mdogo wangu mpenzi,

Simu yako imezimwa, ndiyo maana naandika. Huku tu wazima. Kitambi changu hutangulia mlangoni, na shemeji yako hukisalimia kabla yangu.

Ile dawa ya majaribio uliyojiandikisha kuchomwa leo hubebwa na punje za silika, jamaa ya mchanga, ndogo hata macho hayazioni. Hapa maabara huwa tunazichanganya na damu ya wachangiaji, na seli za damu hazidhuriki. Jana mchangiaji hakutokea, nikajitoa damu mwenyewe. Seli nyekundu zikapasuka hadi maji ya juu yakawa mekundu. Seli nyeupe, askari wetu, zilizimeza punje, zenyewe zikafa.

Mkuu wangu alicheka. "Mzee, damu yako imejaa mafuta ya chipsi! Mtu mmoja si kitu."

Labda. Lakini mimi na wewe ni tumbo moja. Ikatae sindano hiyo. Wakikuita mwoga, sema umerithi kwa kaka yako.

Kama wameshakuchoma, nenda ukatazame mkojo wako sasa hivi. Ukiwa mwekundu, usibadili hata nguo. Aliyekuletea barua hii ni dereva wetu, na nimemwambia asizime gari.

Ni mimi kaka yako, ninayekungoja hospitalini