Majeraha Tuliyoyatundika Sebuleni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mume wangu, mjukuu uliyenikimbia,

Hujambo huko? Unakula, au unakula kazi tu? Sisi wazima. Goti langu linalalamika, ila halijanizuia kwenda nitakako. Mimi nasema, shangazi yako anaandika. Mwandiko mbaya ni wake.

Kwanza, asante. Habari kwamba hawakukufukuza imefika, nami nimeupata usingizi nilioukosa mwezi mzima.

Ile picha yako nyeusi yenye vitone vyeupe tuliitundika sebuleni. Kila mgeni nilimwambia, "Nyota hizo, ameziona mume wangu." Mshona viatu alizisifu mpaka chai ikapoa. Kumbe si nyota. Umenieleza kwamba huko juu kuna mionzi inayopiga kama changarawe, na jicho la chombo chenu cha angani, yaani kamera yake, likishapigwa linaona mwanga hata likifunikwa gubigubi. Mlilipiga kwa mionzi hiyo humo maabara kulijaribu, mkalifunika, likapiga picha gizani. Kila kitone ni jeraha. Basi tumejisifia majeraha. Nimecheka hadi machozi. Picha siiondoi.

Ulipokataa kuwaambia wakubwa kwamba jicho ni zima, na siku ya kurusha chombo imekaribia, shangazi yako alisema, "Angenyamaza tu, mama. Kibarua kitaota nyasi."

Nikamwambia, "Chombo kikishapaa, nani atapanda kukitengeneza? Wewe?" Akaenda kuosha vyombo vyake.

Namshukuru sana yule mama, mkuu wako wa kazi. Wenzako walikununia, yeye akaahirisha safari ya chombo, akasema jicho lipashwe moto kwanza. Sikujua macho ya namna hiyo hukandwa kama goti la bibi yako. Vitone vingi vimezimika, vichache vimekataa, na sasa mnalitengenezea ngao nene zaidi. Sawa. Anayejua kidonda chake kilipo ndiye hukifunga.

Mwambie mama huyo, bila kupunguza neno: mtoto niliyemlea alisimama peke yake, naye akaja akasimama ubavuni mwake. Hapa ni kwao. Akija asibishe hodi, aingie.

Baba yako anakusalimu. Tangu juzi barua yako ilipofika, anatembea kifua mbele kama aliyerushwa angani yeye. Mjomba fundi bomba naye anakusalimu, na shangazi, ambaye mkono wake umechoka.

Mungu akukinge na kila kipigacho bila kuonekana.

Akupendaye kuliko wote, na wote wanajua,
Bibi yako.