Mapengo ya Reino

Jumanne, 4 Februari 2014

Amefika! Miaka yote nakusanya vichwa-tikisa, vile vinyago vya kichwa cha kuchezacheza, vya wachezaji wa hoki ya barafuni, vimejaa kabati zima la sebuleni, na leo hatimaye mume wangu mwenyewe. Reino, kipa, ndani ya boksi. Meneja wa klabu, Curtis, kaniletea wa kwanza kabla hawajagawiwa mashabiki Jumamosi. Nikamgusa kichwa. Kikatikisika — akanichekea meno yote nje!

Reino gani huyu? Marehemu hakuwa na meno manne ya mbele, tangu kisahani, kile kigumu cha mchezo, kilipompiga mdomoni enzi makipa wanadaka uso wazi. Meno ya bandia alivaa kanisani tu. Mji mzima wa Thunder Bay ulimjua kwa mapengo yale.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemfuata Curtis ofisini. Ati mdhamini mwaka huu ni kliniki ya meno, mapengo yangeleta picha mbaya. Ati hivi anapendeza zaidi! Nikamwambia, “Kwenye mazishi ulisimama ukasema Reino ameacha pengo lisilozibika. Mbona umeliziba?”

Akasema maboksi yako stoo tayari, mama, tusiharibu sherehe. Sherehe ya nani?

Ijumaa, 7 Februari

Baridi ya kukata masikio. Nimetoka hivyo hivyo kununua rangi ya kucha, nyeusi. Msichana wa dukani kanikazia macho. Akome.

Nimeanza na wangu. Meno manne, rangi kidogo imegusa mdomo. Nikamtikisa. Huyo sasa! Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, na kahawa ikapoa.

Binti yangu Marlene kapiga simu. Nikamwambia kesho naweka meza mlangoni pa uwanja, niwapake mashabiki Reino wao mapengo. Ati nisithubutu, nitamwaibisha, tena klabu itaifuta tiketi yangu ya msimu. Waifute! Nimekaa kiti kile tangu Reino anadaka. Lakini sikai kimya mume wangu akifanywa tangazo la kliniki ya meno.

Jumamosi, 8 Februari — mapumziko ya kwanza

Naandika mezani, mlangoni, vidole vyeusi. Wa kwanza alikuwa Bruno, beki wa Reino wa zamani. Akatoa meno yake ya bandia, akayatia mfukoni, akanisogezea boksi. “Mpake, shemeji. Na asiwe msafi sana.”

Basi! Foleni ikaanza. Curtis akaja mbio, akaniambia nikunje meza au nirudishe tiketi. Nikaiweka tiketi mezani. Akaichukua kweli, yule! Nimeumia, sitasema uongo. Nikaita anayefuata.

Kengele imelia, kipindi cha pili kinaanza, na foleni haijasogea kuingia ndani. Curtis huyo anarudi, safari hii na mlinzi, jitu la kujaza mlango. Mlinzi kashika boksi. Kalinyang'anya mtu, au ni lake? Uso wake hausomeki. Amefika mezani. Lake au si lake, nimefungua chupa ya rangi —