Leo Nimepiga Gitaa Mbele ya Watu

Jumamosi, Changamwe. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa kuna joto la kunata mwilini.

Leo nimepiga gitaa mbele ya watu!

Niandike kwa utaratibu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa chini ya basi la shule moja hapa Changamwe, natengeneza breki, nikasikia gitaa likipigwa darasani. Halikuwa la dansi. Sauti zilikuja moja moja, kama mtu anayezungumza peke yake kwa adabu. Nikatoka na grisi yangu hadi viwikoni, nikasimama dirishani. Ndivyo nilivyomjua Mwalimu Grace, akaanza kunifundisha. Ni rika la binti yangu Salma. Huniamkia shikamoo kwanza, kisha hunikaripia saa nzima.

Nakiri, nimeona haya miaka yote miwili. Kucha za mkono wa kulia nimezifuga, maana ndizo zinazodonoa nyuzi. Za kushoto nazikata hadi nyamani. Gerejini navaa glavu mkono mmoja. Mwenzangu Juma huniita Bi Harusi, na mafundi wengine hucheka. Nacheka nao, lakini roho inauma.

Jumatano, nikilegeza nati, ukucha wa kidole gumba ukakatika. Nikaenda kwa Mwalimu niko tayari kujitoa kwenye onyesho la wanafunzi wake. Akautazama.

"Piga kwa nyama ya kidole, Mzee Bakari. Sauti itapungua, lakini utasikika."

"Na nikikwama?"

"Ukikwama, anza tena. Usiombe radhi."

Basi leo katika ukumbi wa shule tulikuwa wanafunzi tisa. Wanane ni watoto; mdogo wao akikaa kitini, miguu haifiki chini. Nilipoitwa nikamwona Juma na mafundi wengine watatu wamekaa nyuma, wamevaa mashati ya Ijumaa. Sikuwaalika. Sijui nani aliwaambia.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, vidole vikasahau.

Nikasikia kiti kikilia mahali fulani. Nilitaka kuinuka, nirudi kwenye spana zangu ambazo hazijawahi kuniaibisha. Nikavuta pumzi, nikaanza upya. Nilipofika palepale nikapita, sijui vipi, na nikaenda polepole hadi mwisho bila kumtazama mtu.

Juma ndiye aliyetangulia kusimama na kupiga makofi. Nje akanishika mkono, akaugeuza, akaviangalia vidole vyangu kama anayekagua kifaa kipya.

"Wallahi, Bakari, sikujua kama hii nayo ni kazi."

Mke wangu ni muuguzi, alikuwa zamu, hakuona lolote. Jioni aliporudi alikaa kitandani hata kabla ya kuvua viatu.

"Haya, nipigie na mimi."

Nikampigia wimbo wote. Nilikosea mara mbili, naye hakujua, au alijua akanisitiri. Nilipomaliza alikuwa ameyafumba macho, nikadhani amelala.

"Rudia, Baba Salma," akasema. "Nilikuwa bado nasikiliza."

Nina miaka arobaini na mitatu. Siku zote nikiulizwa nafanya nini, hujibu: fundi wa magari. Basi.

Kesho mtu akiniuliza, nitajibu nini?