Miguu Chini ya Pazia

Jumatatu, 8 Septemba
Nimepika, nimefua, nimekaa. Eda haijafika hata nusu. Nimechoka na dari hili. Adhuhuri shemeji Salim alikuja, akazungumza nyuma ya pazia, kwa heshima ya eda. Anataka kumtoa Zuhura, mpangaji wa chumba cha chini. Baraza la mizozo ya nyumba limeniita shahidi. "Utaulizwa kwa simu, huna haja ya kutoka," akasema. "Sema amekuja juzi, mgeni tu. Mimi ndiye nikuwekaye hapa."

Zuhura ndiye aliyenipokea mlangoni siku nilipoletwa hapa bibi harusi. Mgeni gani huyo?

Jumanne, 9 Septemba
Nyumba ni ya Salim. Marehemu mume wangu alikuwa akiisimamia tu. Nikisema kweli, nitakwenda wapi? Nikisema uongo, Zuhura atakwenda wapi na biashara yake ya viazi karai? Namchukia Salim. Namsikia Zuhura chini akikaanga na kuimba.

Alhamisi, 11 Septemba
Leo ndiyo leo. Simu nimeiegemeza kwenye birika. Salim kasimama nyuma ya pazia, habanduki. Nikaapishwa. Mwenyekiti, mama mmoja wa bara, mpole, akauliza niko na nani. Nikasema peke yangu. Uongo, na kiapo bado ki mdomoni. Akaniambia nizungushe simu chumba kizima, ndiyo kawaida yao. Kitanda. Kabati. Dirisha. Kwenye pazia mkono ukashuka wenyewe. Si wenyewe. Niliushusha.

"Miguu ile ni ya nani?"

"Ya shemeji yangu."

Kikao kikasimamishwa. Nifike mwenyewe Jumanne.

Jumapili, 14 Septemba
Salim amekataza, eti mwenye eda hatoki. Nimempigia sheikh. Mchana, kwa haja, naruhusiwa, nirudi kulala nyumbani. Salim naye katuma neno: nikienda, eda ikiisha nitafute pa kukaa. Naogopa sana.

Jumanne, 16 Septemba
Nimekwenda. Jua liliniumiza macho. Zuhura alinishika mkono mpaka ukumbini. Nikasema niliyoyajua, Salim kanikodolea macho mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa, 26 Septemba
Uamuzi umesomwa. Zuhura anabaki. Mimi niko chini ya dari lile lile. Eda ni eda. Alasiri nikasikia vitu vinaburutwa chini. Nikamwita dirishani, kuna nini? Asema anasogeza masufuria, kitanda cha pili kipate pa kukaa.