Chai Juu ya Mota

Mbinga, Jumanne usiku

Na kikombe hakikumwaga hata tone. Hilo ndilo linaloniuma.

Tangu enzi za ushirika mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa ikitetemeka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiituliza kwa vipande vya kopo chini ya miguu ya mota. Leo kijana aliyeletwa na kampuni iliyonunua kiwanda ameving'oa vyote. Akafunga kwenye shafti kipimo chake chenye uso kama saa, akasogeza mota kidogo kidogo mpaka shafti yake na ya mashine zikanyooka mstari mmoja. Akawasha.

Mama Batista, anayechambua kahawa, akaweka chai yake juu ya mota. Enzi zangu aliishika mkononi.

"Asante, fundi," akamwambia yule kijana. Halafu akanigeukia. "Baba Osmundi, njoo uguse."

Mpaka leo asubuhi fundi nilikuwa mimi.

Nikaweka kiganja huku namwomba Mungu itetemeke, hata kidogo tu. Imetulia kabisa.

Jumamosi ni maungamo. Nitamwambia nini padre? Kwamba nimeomba iharibike mashine inayowalisha wanangu?