Kimya Changu Mbele ya Habuba

Arua, 19 Juni 1976

Kwa kaka yangu mpendwa Ramathan,

Salamu nyingi zikufikie hapo Koboko, wewe na shemeji na watoto. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la gereji halikukohozi tena. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio hauna afya. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza, kisha umsomee baba mdogo Sulaiti kabla wazee hawajakutana Ijumaa.

Nianze na shule. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Emilia, ni mtu wa Ajia. Anainua rula, anasema kwa Kiingereza kwamba hii ni rula, na darasa zima linaitikia. Anagusa meza, tunaitikia meza. Anagonga ubao, tunaanza upya mpaka kengele. Hakuna anayeulizwa anafikiri nini. Ukiwa mwoga kama mimi, unafungua mdomo tu katikati ya kelele za wenzako, na hakuna anayejua kwamba hukutoa neno.

Nje ya darasa kuna mfupa. Ni taya la mbuzi lililofungwa kamba ya katani. Anayesikika akisema Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili anavalishwa shingoni, hata kama anaongea na mgeni wake, na hauvui mpaka amnase mwingine. Anayelala nao anasugua vyoo asubuhi. Basi aliyeuvaa anatembea polepole nyuma ya wenzake, anatega sikio. Madam alinisimamisha mbele ya darasa, akasema mwisho wa muhula nitawasomea wageni, kwa kuwa mimi peke yangu sijauvaa hata mara moja. Wenzangu wakacheka, wakasema Mnubi wa Koboko amekuwa Mzungu. Kiingereza sikuwashinda, kaka. Niliwashinda kunyamaza.

Sasa ile Jumapili aliyokuja Habuba. Nyumbani mlisikia majibu, hamkuona ilivyokuwa. Bibi yetu yule aliyetulea alifika juu ya lori la Yakani, ameketi kwenye magunia ya tumbaku, na gurusa zangu, ile mikate ya kwetu, amezipakata ndani ya kitambaa zisipoe. Tukakaa kwenye benchi la uwanjani. Candiru, ninayelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyekuwa na mfupa siku hiyo. Akaja na ufagio, akafagia nyuma yetu mahali pasipo na taka.

Habuba alinishika mkono. Akaniambia koplo Sulaimani ametuma wazee kuniposa, kwamba ni mtu wa adabu, lakini baba mdogo hataki kumlazimisha mtu, ndiyo maana amemtuma yeye asikie kwa masikio yake. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri: "Mwanangu, hii mutu unamutaka, ama unataka kusoma? Sema tu. Mimi nitabeba neno yako vile iko."

Ufagio ulisimama. Niliinamisha kichwa. Habuba akarudia kwa Kinubi, polepole. Sikusema kitu. Akacheka kidogo, akanifuta uso kwa ncha ya nguo yake, akasema nina haya za marehemu mama. Unajua kwetu, msichana akiulizwa habari ya ndoa akakaa kimya, amekubali. Habuba hakuwa na sababu ya kuuliza tena. Alibeba kimya changu mpaka Koboko, akakikabidhi kwa wazee kama neno.

Jana Yakani aliniita getini, akanipa furushi linalonukia hina na manukato. Alikuwa anacheka. "Bibi harusi, mzigo yako iko hapa. Ulinyamaza vizuri, Koboko yote imesikia." Nikarudi darasani na furushi kwapani. Madam akainua rula, wenzangu wakaitikia. Mimi nikasimama nikasema, "Sitaki." Madam akaniambia nirudie inavyotakiwa, nami nikarudia vilevile. Nikavalishwa mfupa. Tangu hapo Candiru ananisogelea na kusema Kilugbara makusudi, ili nimnase niuvue. Sijamnasa. Leo asubuhi nimesugua vyoo, na wageni watasomewa na mwingine.

Kaka, ningeishia hapa ungemlaumu Madam na mfupa wake, nami ningebaki safi. Sikuwa safi. Ningeweza kutikisa kichwa. Kichwa hakina lugha, hakuna mfupa wa kutikisa kichwa, na Habuba angeelewa mara moja. Sikutikisa kwa sababu wasichana walikuwa wamejaa madirishani, naye miguu yake ilikuwa na vumbi la tumbaku na sauti yake ni kubwa. Nilimwonea aibu. Nilitaka amalize, apande lori, aende. Kwa dakika zile sikufikiria ndoa wala masomo, nilifikiria madirisha tu. Yeye akadhani naona haya za ndoa, kumbe namwonea haya yeye.

Hilo la mwisho usimwambie Habuba. Mwambie tu kwamba neno langu limechelewa njiani, na ni sitaki. Furushi namrudishia Yakani, halijafunguliwa. Kama wazee watasema mambo yamekwisha, njoo mwenyewe na Habuba, tukae benchi lilelile. Nitamjibu kwa Kinubi, kwa sauti, hata wale wa madirishani wasikie. Mfupa utakuwa bado shingoni.

Wasalimie wote nyumbani, na gurusa zilikuwa nzuri, mwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Hajara