Mume Wangu Amekataa Mkono wa Kushoto

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, natumaini hujambo na wa nyumbani kwako hawajambo, sisi kwa neema ya Mungu afya tunayo ila amani ndiyo imetutoka. Naomba msaada. Mimi ni mama wa makamo, shule sikufika mbali ila noti za muziki alinifundisha mwalimu wa kwaya, na tuna kikundi chetu cha zumari, watu watano, sasa binti yetu anaolewa Jumamosi ijayo na ameomba tumpigie wimbo wa mapenzi ulioandikwa kwa ajili ya piano, basi nikakaa meza ya jikoni wiki tatu naugawia zumari zetu, mkono wa kulia unaoimba nikampa mwenzetu fundi cherehani mwenye zumari ndogo, mkono wa kushoto unaosindikiza nikampa mume wangu kwa sababu zumari kubwa ni yake, na Mungu ananiona, sikuwa na nia nyingine.

Kumbe piano haipumui. Mkono wa kushoto niliunakili kama ulivyo, noti mia na themanini mfululizo, na siku ya mazoezi mume wangu kwa ubishi wake hakuruka hata moja, akamaliza macho yamemtoka, anashikilia ukuta. Akasema mbele ya wote, "Mama watoto, miaka ishirini na sita tuko pamoja, leo fundi anaimba mapenzi, mimi pu pu pu mpaka nife?" Fundi naye akadakia, "Shemeji, mimi utamu nimepewa tu, sikuomba." Hilo neno utamu ndilo lililomaliza kazi. Mume wangu ameifungia zumari kabatini, anasema harusini atakaa na wageni, na binti analia. Nimefunga na kuomba siku mbili. Tafadhali nijibu mapema.

*

Dada yangu, pole, lakini umejitakia. Uligawa mikono ukasahau kwamba kila mkono unakwenda kwa mtu mwenye mapafu. Tena baba wa bibi harusi hukumpa hata mstari mmoja wa kuimba. Ningekuwa mimi, ningefungia na kabati lenyewe.

Maombi endelea nayo, ila shika na kifutio. Katika kila noti nne za mumeo futa moja, mwenzake mmoja aijaze. Ubeti wa pili mpe yeye utamu wote, kwa ile sauti yake nene, na fundi cherehani apige pu pu aone ilivyo. Karatasi usimtume binti wala mchungaji. Ipeleke mwenyewe, pamoja na penseli, umwambie, "Baba watoto, weka alama pale unapotaka kupumua." Akiweka alama kila mahali, usibishane naye. Mwachie zote.